Mgonjwa karudi nyumbani, nani amkumbushe dawa?

NDUGU msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linaloanza pale ambapo wengi wetu hudhani mambo yamekwisha. Mgonjwa amepasuliwa, amezinduka salama, daktari amemruhusu. Ndugu wamekuja kumchukua kwa bajaji au teksi. Nyumbani kitanda kimetandikwa, supu iko jikoni, na majirani wanaingia mmoja mmoja kutoa pole. Kila mtu anamshukuru Mungu na kumsifu daktari. Katika pilikapilika hizo, mfuko wenye bahasha ndogo za dawa umewekwa juu ya kabati. Ni juu ya mfuko huo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25. Waliona kwamba wagonjwa waliofariki walikuwa wawili hivi katika kila mia, yaani mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wa Afrika kwa jumla walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache zaidi ya wale wa kwingineko. La kutushtua zaidi ni hili: katika kila vifo kumi, zaidi ya tisa havikutokea siku ya upasuaji bali siku zilizofuata. Kwa maneno mengine, kisu si cha kuogopwa kuliko siku zinazokuja baada ya kisu.

Sisemi kwamba wote hao walikufa kwa kusahau dawa, la hasha. Walikuwa bado hospitalini, na sababu zilikuwa nyingi. Ninalosema ni kwamba uangalizi wa baada ya upasuaji ni nusu ya tiba, na nusu hiyo, mgonjwa akisharudi nyumbani, tunamwachia yeye na jamaa zake, mara nyingi kwa maelezo ya dakika mbili dirishani.

Tusifanye haraka kumlaumu mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa ni nusu tu kwa wastani. Ikiwa mtu wa London au Chicago mwenye umeme wa uhakika na duka la dawa kila kona anasahau, itakuwaje kwa mama wa Mbagala mwenye watoto watano, mshono unaowasha na foleni ya wageni mlangoni? Kusahau si ujinga. Maumivu yakipungua, mwili wenyewe hukudanganya kwamba kazi imekwisha. Na aliyezoea kumeza dawa kwa sababu anaumwa, atamezaje asipoumwa?

Hapa ndipo simu inapoingia. Siku hizi nyumba nyingi za mjini zina simu janja angalau moja, na wengi wasio nayo wana kitochi. Zote mbili zina kengele. Wapo wanaoitumia kuamkia kazini, wapo wanaoitumia kwa daku, lakini wachache wanaoitumia kwa dawa. Basi leo nieleze jinsi chombo hiki kinavyoweza kumsaidia mtu aliyetoka kupasuliwa, na pia pale kinapokomea, kwa sababu kinakomea mahali.

Kwanza tufahamu kwamba dawa za baada ya upasuaji si za aina moja, na hazidai ukumbusho wa namna moja.

Zipo dawa za siku chache. Dawa za kutuliza maumivu ni mfano. Hizi hazihitaji kengele isiyo na mwisho. Dawa kama diclofenac ikimezwa kwa mazoea, hasa na tumbo tupu, huweza kuchubua tumbo na kudhuru figo. Kwa hiyo kengele yake iwekewe tarehe ya kukoma, ile ile aliyoitaja daktari.

Zipo antibiotiki. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba antibiotiki ya kukinga kidonda itolewe kabla ya mgonjwa kupasuliwa, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu. Ukiruhusiwa bila vidonge hivyo, usidhani umenyimwa haki yako na kukimbilia duka la dawa. Lakini ukiandikiwa kwa sababu kuna maambukizo, basi ni lazima uimalize dozi, na kwa saa zake.

Zipo dawa za wiki kadhaa. Aliyebadilishiwa nyonga huweza kupewa dawa ya kuzuia damu isigande kwa wiki nne hadi tano, maana bonge la damu likijitengeneza mguuni linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kumwangusha mtu aliyekuwa akicheka asubuhi. Mzee aliyeondolewa mtoto wa jicho hupewa matone ya kutia mara kadhaa kwa siku, ambayo hupunguzwa kidogo kidogo.

Halafu zipo dawa za maisha. Mtu aliyeondolewa rovu pamoja na tezi yote ya shingo atameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya kula, mpaka mwisho wa uhai wake. Aliyepandikizwa figo, huduma ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliianza mwaka 2017, atameza dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo hiyo, na anatakiwa kuzimeza kwa saa zile zile kila siku. Yupo pia aliyewekewa vali bandia ya moyo. Kwa huyu wa mwisho naomba tusimame kidogo, kwa sababu habari yake inatufundisha mengi.

Huku kwetu vali za moyo za vijana wengi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Vali ikiharibika sana, daktari huiondoa na kuweka nyingine. Zipo zinazotengenezwa kutokana na nyama ya ng'ombe au nguruwe, lakini kwa kijana hizo huchakaa mapema. Zile za kiwandani hudumu miaka mingi, ila zina sharti moja kubwa: damu hupenda kuganda juu yake. Bonge likinasa pale, vali hukwama. Likichomoka, huweza kupanda ubongoni na kuleta kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa humeza dawa iitwayo warfarin kila siku ya maisha yake.

Dawa hii ina historia ya ajabu. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Canada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakiongozwa na Karl Paul Link, waligundua kemikali iliyokuwa ikiwaua. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana warfarin, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 ikiwa sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akatibiwa nayo alipopata shambulio la moyo.

Ninaisimulia habari hiyo ili uone ukali wa dawa yenyewe. Ikiwa kidogo, damu inaganda. Ikizidi, mtu anavuja damu kwenye fizi, puani, tumboni, hata ubongoni. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu kipimo kiitwacho INR, na dozi yake hubadilishwa kulingana na majibu. Wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, wengine juu zaidi kidogo, kutegemea vali iko wapi. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, zisizohitaji kipimo hicho, hazijaweza kuchukua nafasi yake kwa wenye vali za kiwandani: mojawapo ilijaribiwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wagonjwa walipata mabonge mengi zaidi na kuvuja damu zaidi.

Jambo la hatari ni kwamba aliyesahau warfarin leo hasikii kitu. Wala kesho hasikii. Dawa hii huingia polepole na hutoka mwilini polepole. Mtu anaweza kusahau siku tatu, akatembea, akafua, akaenda sokoni, na kujiambia kwamba kumbe hata bila dawa naishi. Siku ya nane anaamka mdomo umepinda na mkono hauinuki. Hapo ndugu wanaulizana amerogwa na nani.

Sasa kwa mtu wa namna hii kengele ya simu ni mlinzi wa kweli. Lakini iwekwe sawasawa, na hapa pana mitego minne ambayo ningependa msikilizaji uiandike.

Mtego wa kwanza ni saa zetu. Sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia macheo, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Muuguzi akikwambia umeze saa 2 usiku, kwenye simu andika 20:00, au 8:00 upande wa PM. Ukiandika 2:00 kama ulivyosikia, kengele italia saa 8 usiku au saa 8 mchana. Nimekwisha kusikia malalamiko ya watu waliotupa kengele kwa kuwa "inalia ovyo", kumbe simu ilitii ilichoambiwa.

Mtego wa pili ni yale maandishi ya kwenye bahasha. Ukiona 1 x 3, maana yake kidonge kimoja mara tatu kwa siku, si vidonge vitatu kwa mpigo. Na mara tatu si asubuhi, mchana na jioni ya saa 11 kwa vile unataka kulala mapema. Kwa antibiotiki, mara tatu ni kila baada ya saa 8: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kwenye simu hizo ni 06:00, 14:00 na 22:00. Dawa ya mara mbili ni kila baada ya saa 12. Muulize mfamasia akutajie saa, kisha uziweke kwenye simu pale pale mbele yake.

Mtego wa tatu ni kuizima kengele kabla ya kumeza. Imelia, mkono umeibofya, akili imesema "nitameza sasa hivi", mara mgeni kabisha hodi. Jioni huwezi kukumbuka kama ulimeza au ulikusudia kumeza tu. Basi weka sharti: kengele haizimwi mpaka kidonge kiko mdomoni. Kisha weka alama, kwenye simu au kwenye kalenda ya ukutani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa nayo ni mali. Na ikitokea umesahau warfarin, imeze ukikumbuka siku hiyo hiyo. Kukikucha, iache ya jana, endelea na ya leo, na umweleze daktari. Usimeze mbili kufidia.

Mtego wa nne ndio mbaya kuliko yote, nao ni ukumbusho uliopitwa na wakati. Mgonjwa wa warfarin alikuwa akimeza miligramu 5, na simu imeandikwa hivyo. Amekwenda kliniki, kipimo kimepanda, daktari kapunguza hadi 3. Cheti kimebadilika, simu haikubadilika. Kuanzia usiku ule simu itamkumbusha kwa uaminifu mkubwa kumeza dozi isiyo yake. Kwa hiyo kila utokapo kliniki, kabla hujapanda daladala, fungua simu na urekebishe. Vile vile, akiandikiwa dawa nyingine kwa maradhi mengine, ataje kwamba anatumia warfarin, maana metronidazole na Septrin huongeza nguvu yake, na rifampicin ya kifua kikuu huipunguza. Kisamvu na mchicha si haramu, ila ale kwa kiasi kile kile siku zote. Na binti mwenye vali hiyo akitaka kuzaa, aonane na daktari kabla ya mimba, kwa kuwa dawa hii huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Simu janja ina faida zaidi ya kitochi. Unaweza kupiga picha ya kidonge na bahasha yake, kengele ikilia unaona picha. Kwa mzee asiyesoma, mjukuu anaweza kurekodi sauti kwa Kihehe au Kisukuma: bibi, meza kile cheupe. Lakini tujiulize simu ni ya nani. Katika nyumba nyingi simu janja ni ya kijana wa nyumba. Asubuhi anaondoka nayo. Saa ikifika, kengele inalia Kariakoo dukani, na matone ya macho ya bibi yako Mbagala juu ya kabati. Kwa nyumba kama hiyo, saa ya mezani na jirani mwaminifu ni bora kuliko programu yoyote.

Hapo tunafika kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Kengele inakumbusha, lakini haiulizi. Haijui kwamba mgonjwa amemeza akatapika. Haijui kwamba dawa zilikwisha Jumanne na fedha itapatikana mwisho wa mwezi. Haijui kwamba mshono umetoa usaha.

Jirani zetu wa Kenya walilipima jambo hili, si kwa wagonjwa wa upasuaji bali kwa watu walioanza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Katika utafiti mmoja uliofanyika kituo cha Chulaimbo, magharibi mwa nchi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011, wagonjwa 431 waligawanywa. Wengine walipelekewa ujumbe wa simu kila siku, wengine mara moja kwa wiki, wengine hawakupelekewa. Ungetegemea wa kila siku washinde. Haikuwa hivyo. Waliopata ujumbe wa kila wiki ndio waliofanya vizuri: asilimia 53 kati yao walimeza angalau sehemu 90 katika kila 100 za dawa zao, ilhali kwa wasiopata ujumbe ilikuwa asilimia 40. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti ya maana. Mimi sishangai. Sauti inayosikika kila siku mwisho inakuwa kama jenereta ya jirani, inaunguruma na huisikii.

Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusu wagonjwa 538 katika kliniki tatu. Kila wiki muuguzi aliwapelekea neno moja tu: Mambo? Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama Sawa, ama Shida. Aliyejibu Shida, na asiyejibu kabisa, alipigiwa simu. Hapakuwa na neno dawa wala neno ugonjwa, hivyo hata aliyeichungulia simu ya mwenzake hakuambulia siri. Waliosema wanatumia dawa vizuri walikuwa asilimia 62, na kwa wenzao wasiopata ujumbe ilikuwa asilimia 50. Kipimo cha damu nacho kilithibitisha: waliofanikiwa kuvidhibiti virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Ndugu msikilizaji, angalia neno lenyewe. Halikuwa amri ya "meza dawa". Lilikuwa salamu, na nyuma ya salamu alikuwapo mtu. Sisi watu wa pwani na bara tunajua thamani ya kujuliwa hali. Tena hili si geni kwetu. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa daktari Karel Styblo, ulikuwa miongoni mwa mifano iliyoifundisha dunia kwamba dawa humezwa vizuri zaidi mgonjwa anapokuwa na mtu wa kumwangalia. Na mwaka 2012 ilianzishwa huduma ya Wazazi Nipendeni, ya kuwapelekea wajawazito ujumbe wa simu bila malipo. Njia tunazo, kilichobaki ni kumkumbuka pia mgonjwa aliyetoka kupasuliwa.

Rai yangu kwa hospitali zetu ni nyepesi na haihitaji mfadhili. Mgonjwa anaporuhusiwa, muuguzi akae naye pamoja na ndugu mmoja, na simu iwe mkononi. Kengele ziwekwe hapo hapo, kwa saa za Kiswahili zilizogeuzwa sawasawa. Kisha siku ya tatu na ya saba mtu wa wodini apeleke ujumbe wa kumjulia hali, na asiyejibu apigiwe. Gharama ya ujumbe mfupi ni ndogo kuliko gharama ya kumfungua mtu mara ya pili. Aidha, ujumbe usitaje ugonjwa, maana tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria ilikuwapo heshima.

Nawe uliye nyumbani, ukienda kutoa pole kwa mgonjwa aliyepasuliwa, mpelekee machungwa, si vibaya. Lakini kabla hujaaga, uliza mfuko wa dawa uko wapi, na kengele inayofuata italia saa ngapi. Kama jibu ni kimya, toa simu yako umsaidie.

Kwa juma hili naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.